Shilingi Mkononi, Saa Barabarani

Mwanzoni mwa mwaka 2012 nauli ya pantoni kati ya Kigamboni na Magogoni, jijini Dar es Salaam, ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200 kwa mtu mzima anayevuka kwa miguu. Kwa aliyesikia habari hiyo akiwa Arusha au Mwanza, shilingi 100 halikuwa jambo la kugombania. Kwa mkazi wa Kigamboni aliyevuka kila asubuhi kwenda kibaruani na kurudi jioni, ilikuwa nyongeza ya shilingi 200 kwa siku, zaidi ya 5,000 kwa mwezi, na hapo bado hajapanda daladala ya upande wa pili. Wakazi walipiga kelele, wabunge wa jiji wakaungana nao, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akajibu kwa kauli iliyozagaa nchi nzima: asiyeweza kulipa apige mbizi.

Njia ya nchi kavu ilikuwepo. Mtu angeweza kuzunguka Kongowe, akaingia barabara ya Kilwa na kuja mjini akipitia Mbagala, makumi ya kilometa badala ya maji yanayovukwa kwa dakika chache. Huko nako kuna nauli, na kuna foleni. Watu wakanung'unika, kisha wakatoa mia mbili.

Upya wa mvutano ule ulikuwa kwenye bei tu. Tangu wakazi wa Dar es Salaam waanze kulala mbali na kazi zao, jiji limewadai malipo ya aina mbili, ya shilingi na ya saa, na anayepunguziwa moja mara nyingi huongezewa nyingine. Malipo ya shilingi yana tiketi, yana tangazo la Serikali, yana mkutano wa wadau na vichwa vya habari. Malipo ya saa hayana stakabadhi, na kwa sababu hiyo yamepandishwa mara nyingi bila msafiri kuulizwa.

Mji wenyewe ulianza ukiwa mdogo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na hata Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, mtu aliweza kuupita wote kwa miguu. Wajerumani waliugawa kwa rangi za watu na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Wazungu upande wa bahari penye upepo, Wahindi kwenye mitaa ya maduka, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenganisha. Ulikuwa ubaguzi wa mchana kweupe, na uzito wake haupungui kwa kusema kwamba umbali wake ulikuwa wa kutembea. Lakini ndivyo ulivyokuwa. Kuli aliyelala Kariakoo alifika bandarini kwa miguu yake bila kumlipa mtu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliongezeka, vyumba vya Kariakoo vikajaa, na serikali ya kikoloni ikajenga nyumba za Waafrika nje zaidi, Ilala, Magomeni na Temeke. Nyumba zilihama, mshahara ukabaki kulekule bandarini, maofisini na majikoni mwa mabwana. Mwaka 1949 kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, kwa ufupi DMT, ilianza kuendesha mabasi ya mjini. Hapo ndipo umbali ulipopata bei, na mwenye kipato kidogo akawa na uamuzi wa kufanya kila alfajiri: kutoa senti za basi, au kuamka mapema, kutembea na kubaki nazo. Wengi walitembea.

Uhuru ulibadilisha mwenye mabasi. Serikali iliitaifisha DMT mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa mara mbili: KAMATA ikachukua mabasi ya mikoani, na shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likabaki na jiji. Nauli za UDA zilipangwa na Serikali na ziliwekwa chini kwa makusudi, kwa kuwa taifa lililotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 halikutaka mfanyakazi ashindwe kufika kiwandani kwa kukosa nauli. Nia ile ilikuwa njema na inastahili heshima hadi leo.

Kilichokosekana ni mabasi. Bei ya mafuta duniani iliruka mwaka 1973 na tena 1979. Katikati yake vikaja vita vya Kagera, vikakomba fedha za kigeni ambazo zingenunua vipuri. Nauli ya chini haikuweza kulipia matengenezo, na basi lililoharibika likabaki limeegeshwa. Hali ya mafuta ilibana kiasi kwamba magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ambayo watu waliyaita kumbakumba, yaliweza kubeba umati kwa mkupuo mmoja, lakini umati ulikuwa unakua kuliko mabasi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta jijini watu wapatao 273,000. Ya mwaka 1988 ilikuta zaidi ya milioni 1.3.

Kwa hiyo tiketi ya UDA ilikuwa rahisi, na safari ya UDA ilikuwa ghali. Aliyeishi Dar es Salaam miaka ile anakumbuka kusimama kituoni jua likipanda, basi likija limeinama upande mmoja kwa watu wanaoning'inia mlangoni, na dereva akipita bila kusimama. Saa hizo zilitoka kwa nani? Mshahara ulikuwa umeporomoka thamani, na familia nyingi za wafanyakazi, hata za ofisini, ziliishi kwa miradi ya jioni: kuku, ng'ombe wa maziwa uani, maandazi, barafu, ushonaji. Saa mbili zilizopotelea kituoni zilikatwa moja kwa moja kwenye kipato kilicholisha watoto. Aliyepanga nauli ya chini hakuziona, kwa kuwa kwenye vitabu vya shirika hazikuwa na safu yake.

Abiria aliziona. Ndiyo maana mabasi ya watu binafsi yalipata abiria kabla hayajapata kibali. Yalitembea kwa kuvizia, trafiki wakiyasaka, na waliopanda wakimlinda dereva kwa kudai kwamba ni ndugu yao na wako kwenye safari ya kifamilia. Walikuwa wakilipa zaidi ya nauli ya Serikali, tena kwa hatari ya kushushwa njiani, na walifanya hivyo kwa hiari. Mwaka 1983 Serikali ilikubali yaliyokwisha kutokea ikaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria jijini kwa vibali vilivyopitia UDA. Abiria alitoa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala mitaani, na jina likaganda kwenye gari. Uamuzi wa kuacha nauli nafuu isiyo na basi na kushika nauli ya juu yenye basi ulitolewa kwanza na abiria, Serikali iliufuata.

Zikaja Chai Maharage, zile pikapu zenye mabenchi mawili ambamo abiria walikaa wakitazamana magoti kwa magoti. Zikaja Hiace, maarufu kama vipanya, kisha DCM na Coaster. Kwa miaka 30 hivi daladala ndiyo iliyobeba jiji, na ndani yake mizani ya saa na shilingi ikapata kanuni zake, ambazo hakuna waziri aliyezitunga.

Mwenye gari haulizi dereva amezunguka mara ngapi. Anataka hesabu, yaani kiasi walichopatana cha kukabidhiwa kila jioni. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Ukishaujua mpango huo, tabia zote za daladala zinaeleweka. Gari halitoki kituoni mpaka lijae, wapiga debe wakiliita kwa sauti zilizokwisha kukauka, kwa sababu kiti kitupu ni hasara ya dereva ilhali nusu saa ya kungoja ni hasara ya aliyekwisha kukaa. Likishajaa linakimbia, kwa kuwa sasa dakika zimekuwa za dereva. Anataka awahi kujaza tena. Msafiri yuleyule, katika safari moja, anacheleweshwa kisha anahatarishwa, na vyote viwili vinatokana na hesabu ileile. Wanaowalaumu madereva kwa tabia mbaya wana sababu, lakini wanaishia mlangoni mwa gari. Chanzo kiko kwenye mkataba wa mdomo kati ya dereva na mwenye gari, mkataba ambao kwa miaka mingi sheria haikuugusa.

Jioni huja kukata ruti. Gari lililosajiliwa kwenda Mbezi linashusha watu Ubungo na kugeuza kurudi mjini kwenye abiria wengi. Wa Mbezi anabaki na mambo mawili: kulipa nauli ya pili, au kusubiri hadi atokee dereva mwenye huruma.

Waliobanwa kuliko wote ni wanafunzi. Serikali iliagiza walipe nusu nauli, na agizo likatolewa bila mtu kusema nusu iliyobaki ataifidia nani. Ilimwangukia konda. Konda akajibu kwa njia aliyokuwa nayo, mkono mlangoni, akiruhusu wawili watatu na kuwaacha wengine, na kila siku ya shule Dar es Salaam ikawa na watoto wa sare za bluu na nyeupe wanaokimbilia magari yasiyowataka. Wengine hufika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Punguzo hilo la nauli limelipwa kwa saa za masomo za watoto wa watu wasio na magari, na katika historia nzima ya usafiri wa jiji hili ni vigumu kupata dhuluma ndogo iliyodumu muda mrefu kuliko hiyo.

Abiria nao walitunga mbinu zao, na mojawapo inastahili kuangaliwa kwa makini. Inaitwa kugeuza. Mfanyakazi anayetoka Posta jioni anaona kwamba gari likifika kituo cha mwisho litavamiwa, wengine wataingilia dirishani, na yeye atasimama hadi nyumbani. Basi anatembea nyuma vituo kadhaa, au anapanda gari likiwa bado linaelekea mjini, analipa nauli ya safari asiyoihitaji, anakaa kitini, linafika mwisho, linageuza naye. Ametoa nauli mbili. Ametumia muda mrefu zaidi. Kwa mizani ya shilingi amepoteza na kwa mizani ya saa amepoteza, na bado kila jioni watu wenye akili zao wanafanya hivyo. Wananunua kiti. Wananunua saa moja ya kukaa kwa mwili uliosimama tangu asubuhi, au ya kumpakata mtoto bila kuumizwa. Mtaalamu yeyote anayejaribu kueleza maisha ya Dar es Salaam kwa fedha na dakika peke yake akasimame kwanza Posta saa kumi na mbili jioni.

Mizani hiyo haikuishia barabarani. Ndiyo iliyolichora jiji. Nyumba za kupanga Dar es Salaam kwa kawaida hulipiwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, na kuipata hela hiyo kila inapodaiwa ni mzigo unaowakosesha watu usingizi. Kwa hiyo aliyejipatia akiba kidogo hununua kiwanja mbali, Chanika, Kivule, Mbagala ya mbele huko Kongowe, Goba kabla haijawa ghali, Mbezi na kuendelea hadi Kibaha. Anapandisha vyumba viwili, anaezeka, na kabla milango haijakamilika anahamia kwake. Kodi imekoma. Kuanzia siku hiyo anaamka saa kumi alfajiri. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilijaa pembezoni kwa mtindo huu. Kuna wanaowaita watu hawa wajenzi holela. Walikuwa na hesabu iliyo wazi kabisa: kodi ni fedha isiyorudi, nyumba ni urithi wa watoto, na tofauti hiyo wataifidia kwa usingizi wao wenyewe. Baba wengi wa Chanika wamewaona watoto wao wakiwa macho siku za Jumapili tu, na walijua hivyo wakati wananunua kiwanja.

Kuanzia mwaka 2010 hivi bodaboda zilienea, na kwa mara ya kwanza msafiri wa kawaida akaweza kununua muda papo hapo. Foleni ya barabara ya Mandela haiizuii pikipiki. Mgonjwa anawahishwa, kijana anawahi usaili, mfanyabiashara anawahi benki kabla haijafungwa. Nauli yake ni mara kadhaa ya daladala, kwa hiyo watu wengi hawaitumii kila siku. Wanaiweka kwa siku ambayo kuchelewa kutagharimu kuliko nauli. Huo ni uchumi wa hali ya juu unaofanyika kichwani mwa mtu aliyesimama kando ya barabara. Lakini muda ule una bei ambayo haitajwi wakati wa kupatana nauli. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, zimepokea madereva na abiria wa pikipiki kwa wingi kiasi kwamba kila mkazi wa jiji anamjua mtu aliyewahi kulazwa pale. Mguu uliovunjika humkalisha mtu miezi, na dakika 40 zilizookolewa haziwezi kulinganishwa nayo.

Serikali nayo ilijaribu kurudisha saa za watu. Oktoba 2012 ilianzishwa treni ya abiria ya jijini, ambayo wakazi waliipa jina la waziri wa wakati huo, treni ya Mwakyembe, ikitumia reli zilizokuwepo kati ya Stesheni na Ubungo na ile ya TAZARA. Ilitembea mara chache kwa siku, na kwa walio jirani na reli ilikuwa baraka. Jaribio kubwa lilikuwa mabasi ya mwendokasi. Wakala wake, DART, iliundwa mwaka 2007, ujenzi kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukaanza mwaka 2012, na Mei 2016 mabasi yakaanza kutembea kwenye njia zake zenyewe, takriban kilometa 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Safari ya Kimara hadi Kivukoni, ambayo asubuhi yenye foleni ilimeza saa mbili, ilishuka hadi karibu dakika 45. Kwa watu waliokwisha kuzoea kuamka usiku, hilo lilikuwa jambo kubwa, na furaha ya wiki zile za mwanzo ilikuwa ya kweli.

Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Ya daladala kwa safari isiyozidi kilometa 10 ilikuwa 400. Tofauti ya shilingi 250 inaonekana ndogo mpaka ihesabiwe kwa mwezi. Mtu anayekwenda na kurudi siku 26 alilipa shilingi 33,800 kwa mwendokasi, na kwa daladala ya 400 angelipa 20,800. Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda, kilichotangazwa mwaka 2013 na kilichokuwa bado kinatumika, kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Nauli peke yake ilichukua karibu asilimia 30 ya mshahara huo.

Sasa igeuzwe upande wa pili. Kwa mshahara huohuo, saa moja ya kazi ilikadiriwa kuwa takriban shilingi 590. Kwa hiyo shilingi 250 za ziada zinajilipa kama basi linaokoa dakika 25, na mwendokasi wa siku zile uliokoa zaidi ya hapo. Kitabuni msafiri amepata faida. Mlinzi anayelipwa kwa mwezi hakuiona, kwa sababu mwajiri wake hamlipi kwa kufika nyumbani mapema, na duka la mtaa halipokei dakika. Yeye alikuwa na shilingi 13,000 pungufu, ambazo ni unga wa siku nyingi. Aliyefaidika waziwazi ni mama lishe, fundi cherehani, mchuuzi wa Kariakoo, kila mtu ambaye saa yake moja ya ziada ni sahani kumi zaidi au shati moja zaidi. Wawili hawa walikaa kiti kimoja wakilipa nauli moja, na thamani ya walichonunua haikufanana kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba hawakuachiwa kuchagua. Mabasi mapya yalipoanza, daladala ziliondolewa kwenye njia hiyo. Kisha mabasi yakapungua kwa kuharibika, bonde la Jangwani, ilipowekwa karakana, likafurika mvua baada ya mvua, na foleni ikahama kutoka barabarani ikaingia vituoni. Pale Kimara asubuhi na Gerezani jioni watu walisubiri hadi muda uliookolewa njiani ukarudishwa wote kwenye mstari. Mwaka 2022 nauli ikapanda hadi 750. Barabara ya Kilwa nayo ilijengewa njia maalumu, na wakazi wa Mbagala walikaa muda mrefu wakiitazama imekamilika bila mabasi. Historia ya UDA ilikuwa imejirudia kwa sura mpya: safari hii si nauli ya chini isiyo na basi, ila nauli ya juu isiyo na basi la kutosha, na daladala ya kukimbilia haikuwepo.

Mwaka uleule wa 2016, tarehe 19 Aprili, Kigamboni ilipata daraja. Lina urefu wa mita 680, linaitwa Daraja la Nyerere, na asilimia 60 ya gharama yake ilitolewa na NSSF, yaani akiba za wafanyakazi. Iliyobaki ikatoka serikalini. Magari yalitozwa kila yanapovuka, na malalamiko ya tozo hayakukoma hadi Serikali ilipoipunguza mwaka 2022. Lakini pantoni haikuondolewa, na hilo ndilo jambo la maana. MV Magogoni na MV Kigamboni ziliendelea kuvusha, na mkazi akawa na njia mbili zenye bei mbili na kasi mbili, akaamua mwenyewe kila asubuhi kulingana na mfuko wake na haraka yake. Nairobi ilifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 2022 ilipofungua barabara yake ya kulipia ya kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands: mwenye gari anayetaka kuwahi uwanja wa ndege hupita juu akalipa, wengine hubaki chini bure. Mtu anaweza kubishana kuhusu nani anafaidika na barabara ya namna hiyo, lakini angalau ya chini haikufungwa.

Ubishi huo una mzizi wake katika hesabu za wataalamu. Mradi wa barabara unapopimwa, muda utakaookolewa hutafsiriwa kuwa fedha, na kipimo kinachotumika sana ni kipato cha msafiri. Dakika 10 za mwenye gari huandikwa fedha nyingi kuliko dakika 10 za anayeuza mihogo. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 2018, na makutano ya Kijazi pale Ubungo, yaliyofunguliwa mwaka 2021, zimewasaidia wote, daladala zikiwemo, na itakuwa si haki kusema vingine. Lakini vipo vitu vidogo ambavyo hesabu hiyo haivioni: kivuli kituoni, njia salama ya mtembea kwa miguu, basi la pili la saa kumi na moja alfajiri kutoka Gongo la Mboto. Vinaokoa dakika za watu ambao dakika zao zimeandikiwa bei ndogo, kwa hiyo vinasubiri.

Pale ambapo saa na shilingi zimeokolewa pamoja, watu hawakuhitaji kushawishiwa. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni na hadi Dodoma mwezi Julai. Nauli ya kawaida ya Dodoma ilipangwa shilingi 31,000, inayokaribiana na ya basi la daraja la kati, na safari iliyokuwa ikichukua mchana kutwa ikawa chini ya saa nne. Mabehewa yalijaa. Waliokuwa wakisemwa kwamba hawajali muda walionekana wanaujali sana, ilimradi wasitozwe mara mbili.

Kwa daladala, nauli ya safari fupi ilipanda hadi shilingi 500 mwaka 2022 na 600 Desemba 2023. Kabla ya kupanga nauli, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kama SUMATRA iliyoitangulia, hukusanya maoni ya wadau hadharani. Wenye magari huja wamejiandaa: bei ya mafuta, ya matairi, ya vipuri, ya bima, kila kitu kwenye karatasi. Abiria wachache wanaofika huja na manung'uniko yasiyo na tarakimu, na manung'uniko hayashindi karatasi. Mkutano mwingine utaitishwa, na msafiri wa Chanika, wa Mbagala na wa Kimara aende na karatasi yake: aliamka saa ngapi, alisubiri dakika ngapi, gari lilikatisha ruti mara ngapi katika mwezi, mtoto wake alifika shule saa ngapi. Na mamlaka ikishatangaza shilingi ambazo abiria lazima azitoe, itangaze kwenye ukurasa uleule dakika ambazo hatakiwi kusubirishwa zaidi ya hizo, na adhabu ya atakayemsubirisha.